Taka za nyuklia tuzitose Ziwa Tanganyika? Mimi nakataa

Mleta mada, Ujiji:
Urani tunayo Mto Mkuju, Namtumbo, na habari za umeme wa nyuklia haziishi. Juzi kijiweni mzee mmoja akasema taka zake zitoswe ziwani: kina ni mita 1,470, huko chini oksijeni hakuna, nani atazifikia? Wengi wakamuunga mkono.

Mzee ana nusu ya ukweli. Pasipo oksijeni urani hukaa kwenye chaji +4 (yaani imepoteza elektroni nne), na hapo haiyeyuki ila kidogo mno. Kule Oklo, Gabon, mwamba wenyewe uliwaka kama tanuri la nyuklia miaka bilioni 2 hivi iliyopita. Ulipogunduliwa mwaka 1972, sehemu kubwa ya urani ilikuwa bado palepale.

Ila maji yetu si ya Oklo. Ziwa hili lina bikaboneti tele (chumvi jamii ya kaboneti) na pH yake inakaribia 9, yaani maji yake ni ya alkali. Urani ikikutana na oksijeni hupanda hadi +6, inashikana na kaboneti, inayeyuka na kusafiri na maji. Na oksijeni iko tabaka la juu, waliko dagaa na migebuka. Tena sakafu ya ziwa ni Bonde la Ufa, ardhi inayotikisika. Plutoni-239, sumu ya mionzi iliyomo kwenye taka hizo, huchukua miaka 24,100 kupungua nusu tu! Kina hakilindi kitu. Cha kuuliza ni maji yana nini.

Mchangiaji, Tabora:
Kwa hiyo mnatuletea sisi? Najua kinachofuata: "itale ya Tabora ni ya kale, imetulia." Ni ya kale kweli. Lakini visima vyetu virefu hupata maji kwenye nyufa za mwamba huohuo.

Mleta mada:
Umegusa penyewe, ndugu yangu. Hata Onkalo, Finland, shimo lililochimbwa kuzikia taka za nyuklia zaidi ya mita 400 chini, mwamba una nyufa. Ndiyo maana mpango wao ni mafuta ya nyuklia yaliyotumika, yaani taka zenyewe, yafungwe kwenye makasha ya shaba, kisha yazungushiwe bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa na kuziba njia ya maji. Nasema hivi: usitajwe mkoa wowote, wangu wala wako, kabla maji ya chini hayajapimwa kaboneti na oksijeni, na majibu yabandikwe ofisi za vijiji.

Mvuvi, Kibirizi:
Wakongo, Warundi na Wazambia wanakunywa ziwa hilihili. Huyo mzee wa kijiweni aliwauliza?