Nimelipa laki tatu na nusu nifundishwe Kihispania, nikaishia kuwaambia wageni "mimi ni njaa"

Wakuu, nimepigwa. Uzi mrefu kidogo, mtanivumilia.

Mimi ni mwongoza watalii, napandisha watu Kilimanjaro. Wahispania wanakuja wengi na kampuni zinamtafuta anayeongea lugha yao. Kwa hiyo masika yalipofunga kazi nikatoa 350,000 taslimu, darasa la jioni, miezi miwili. Chuo sikitaji, sina hela ya wakili.

Wiki ya pili tukaingia kitenzi tener, yaani kuwa na kitu. Mwalimu akaandika ubaoni tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen (nina, una, ana, tuna, mna, wana). Akasema hiki hakifuati kanuni, karirini. Nikanyoosha mkono: mbona tenemos si "tienemos" kama wenzake? Akajibu, "Ndivyo kilivyo, Kihispania hakina sababu." Darasa likacheka, nikakaa.

Sababu ipo! Nimekuja kuipata mlimani, njia ya Machame, kwa mgeni wangu mmoja, mama mstaafu wa Zaragoza, Hispania, aliyekuwa anafundisha watoto. Ni mkazo tu. Ukitamka tienes, sauti inagonga kwenye mzizi, na ile e ikigongwa inapasuka, inakuwa ie. Ukitamka tenemos, sauti imeruka hadi kwenye "ne", e ya mzizi imeachwa kwa amani, inabaki ilivyo. Tenéis hivyo hivyo. Mkaidi ni tengo peke yake, anajichukulia g na hapasuki hata ukimgonga. Na venir, kuja, anamwiga: vengo, vienes, viene, venimos, venís, vienen. Yule mama alinieleza tukiwa tunatembea, pole pole, hata maji sijanywa. Mimi nimekaa miezi miwili kwenye benchi nakariri kama kasuku.

Lakini hilo ningelisamehe. Kinachoniuma ni hiki: mwalimu kila kitu anakipitisha kwenye Kiingereza. Waingereza wanasema I am hungry, basi na sisi tukatafuta "am" ya Kihispania. Siku ya tatu tunashuka kutoka mwamba wa Lava Tower kwenda kambi ya Barranco (jina lenyewe ni la Kihispania, korongo, wageni wamelifurahia kuliko mimi), nikajigamba mbele ya kundi zima: "Soy hambre!" Mimi ni njaa. Si kwamba nina njaa, hapana, mimi ndiye njaa yenyewe, nimekuja kuwamaliza. Wagumu, wale wabeba mizigo wetu, hawakuelewa kitu ila walivyoona wazungu wameshika mbavu na wao wakacheka.

Na siku moja kabla, jua la kambi ya Shira limenikaanga, nilikuwa nimeshasema "estoy caliente". Wakuu, msije mkasema hiyo. Nilidhani nasema nasikia joto, kumbe nimewatangazia kwamba nina hamu za chumbani. Mbele ya mama wa Zaragoza. Joto ni tengo calor, kitenzi kile kile cha wiki ya pili!

Sasa niambieni, Mswahili gani anasema "mimi ni njaa"? Sisi tunasema nina njaa, tengo hambre. Nina kiu, tengo sed. Nina usingizi, tengo sueño. Nina haraka, tengo prisa. Hata umri: nina miaka 34, tengo 34 años, neno kwa neno. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, mwalimu akaturudisha hadi London tukazunguke. Baridi na joto ndiyo tunaachana, sisi tunavisikia, wao wanavyo. Dakika mbili hiyo imeisha.

Tena alitulazimisha kuanza na "yo" kila sentensi. Yo tengo, yo tengo, yo tengo. Ile o ya mwisho imeshasema ni mimi, kama "ni" kwenye nina. Wageni walikuwa wananisikia kama mtu anayeongea "mimi nina kaka, mimi nina mke, mimi nina mbuzi".

Na usted, ile "wewe" ya heshima inayokwenda na tiene, hakuigusa kabisa. Kule mlimani kila jioni lazima nimuulize mgeni kama kichwa kinauma, kama ana kichefuchefu. Hapo si mchezo. Kijana mwenzangu namuuliza ¿tienes dolor de cabeza?, lakini mtu mzima usiyemzoea ni ¿tiene? Mimi wazee wote niliwapiga tienes, kama mtoto anayempita bibi yake bila shikamoo. Walinielewa, ni wastaarabu, ila nimejisikia vibaya hadi leo.

Halafu tenéis tuliyoimba wiki nzima ni ya Hispania. Watu wa Amerika ya Kusini wakiwa kundi unawaambia tienen, na Muargentina ukiwa naye peke yake yeye anakuambia vos tenés. Hilo nalo nimelijulia njiani.

Nimeenda kudai hata nusu ya hela, nikaambiwa cheti nimeshapewa. Cheti kina muhuri mkubwa kweli.

NYONGEZA: Mliosema nitumie programu ya simu, ninayo. Na yenyewe inanifundisha kwa Kiingereza, tumerudi pale pale. Aliyesema nimekurupuka kuongea kabla sijaiva, mkuu, ningeivia wapi? Na anayeuliza kama tipu ilitoka: ilitoka, nzuri tu, nadhani walilipia kicheko.

Kuna anayemjua mwalimu Moshi au Arusha anayeanzia kwenye "nina"? Anitumie ujumbe. Nina kundi jingine la Wahispania Agosti, na kati ya ser na estar, vile vitenzi vyao viwili vya "kuwa" (soy na estoy), bado napapasa gizani.