Corolla KE70 inaendelea kunguruma nikiondoa mguu: nibadilishe kabureta, niikarabati, au tatizo ni waya wa pedeli ya mafuta?

Mkazi wa Kihonda
Habari zenu wanajamvi. Nina Corolla KE70 yenye injini ya 4K, ambayo kwa wiki mbili sasa inaendelea kunguruma hata ninapoondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Fundi wangu anasema kabureta imechoka na anataka ninunue mpya ya kuiga, ambayo dukani nimetajiwa shilingi 250,000. Jirani ananishauri nitafute ya asili iliyotumika kule Gerezani, Kariakoo, na mtu wa tatu anasema seti ya gasketi na jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) inatosha. Jumamosi ninatarajia kwenda Iringa na familia, kwa hiyo naomba mnisaidie kuchagua.

Fundi Mstaafu
Ndugu, umetupa bei lakini hujatupa dalili. Je, inakwama injini ikiwa baridi, au ikishapata moto? Pedeli inabaki chini, au inarudi juu huku injini ikiendelea kunguruma? Choki, ile ya kusaidia kuwasha injini ikiwa baridi, ni ya kuvuta kwa mkono? Nani alifungua kabureta mara ya mwisho, na lini? Kabla ya kujibu maswali hayo usiliendeshe gari hilo hata kwenda sokoni.

Mama Korola
Mimi nakuomba usinunue ya kuiga. Nilifunga moja kwenye KE70 yangu, na mkono unaovutwa na waya ulikuwa mfupi kuliko wa asili, hivyo waya ukawa unaingia kwa pembe na kusaga ala yake. Tafuta kabureta ya asili ya Aisin iliyotumika, ishike mkononi, kisha utikise juu na chini mhimili wa kipepeo, yaani kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ikiwa unacheza, irudishe hapo hapo, kwa sababu hewa itapenya pembeni mwa mhimili na injini haitatulia kamwe.

Dereva wa Nyanda
Naungana na Fundi kuhusu kutoliendesha, na nitaeleza kwa nini. Mwaka 2009 nilikuwa na pikapu ya Datsun 1200. Springi ya kurudisha mafuta ilikatika, nikaipeleka gereji moja, nikaambiwa kazi imekwisha, nami sikufungua boneti kukagua. Tulipokuwa tukipanda mlima Kitonga, njia hiyo hiyo ya Iringa, nyuma ya lori la mbao, nilikanyaga hadi mwisho ili nilipite kabla ya kona, kisha lori jingine likatokea juu likishuka. Niliondoa mguu, lakini gari likazidi kusonga mbele. Nilikanyaga klachi, injini ikapiga kelele ambayo sijapata kuisikia tena, nikazima ufunguo na kujibana nyuma ya lile la mbao huku mke wangu akiwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipofungua boneti tulikuta kwamba badala ya springi walikuwa wamefunga kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya mkono wa kabureta na bolti ya eya klina. Joto la injini lilikuwa limekilainisha hadi kinanata vidoleni kama ulimbo, na ncha yake moja ilikuwa imeingia kwenye maungio na kuyashikilia.

Kijana wa Msamvu
Pole sana, kaka. Lakini kuzima ufunguo si hatari? Usukani utajifunga.

Fundi Mstaafu
Usukani hujifunga ufunguo ukirudishwa hadi mwisho na kuchomolewa. Unapaswa kurudisha hatua moja tu, ya kuzima injini. Jambo linalosahaulika zaidi ni breki. Servo, kifaa kinachoongezea breki nguvu, hupata nguvu yake kutokana na uvutaji wa hewa kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini), na kipepeo kikiwa wazi kabisa uvutaji huo hupungua sana. Kwa hiyo kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie, kwani ukiipigapiga utamaliza akiba iliyobaki na pedeli itakuwa ngumu kama jiwe.

Mkazi wa Kihonda
Samahani kwa kuchelewa. Inakwama ikishapata moto, na pedeli inarudi karibu yote. Choki ni ya kuvuta kwa mkono. Kabureta ilifunguliwa mwezi uliopita ili isafishwe. Sikuona umuhimu wa kulitaja hilo.

Fundi Mstaafu
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Zima injini ikiwa bado ina moto, chomoa waya kwenye kabureta, kisha sukuma mkono wa kipepeo kwa kidole na uuachie. Ukirudi kwa kishindo, kosa liko kwenye waya au pedeli, hata zulia la sakafuni linaweza kuhusika. Ukisitasita, kosa liko kwenye kabureta, na hapo legeza nati za chini zinazoishikilia nusu mzunguko ujaribu tena. Mafundi wengi hukaza nati hizo kupita kiasi, kitako kikapinda na kuubana mhimili. Angalia pia kama choki inafunguka yote, kwa sababu kamu yake, kile kipande kinachozunguka nayo, hushikilia kipepeo kisifunge.

Kijana wa Msamvu
Je, akipaka grisi kwenye waya?

Mama Korola
Grisi hunasa vumbi, na kwa barabara zetu baada ya mwezi utakuwa na msasa ndani ya ala. Waya uliosagika hubadilishwa.

Mkazi wa Kihonda
Nimejaribu leo jioni. Mkono ulirudi hadi karibu na mwisho, ukasimama, ukahitaji kusukumwa kidogo kama upana wa ukucha. Nilipolegeza nati ulirudi vizuri mara nne, mara ya tano ukasimama tena. Fundi wangu bado anasisitiza kununua mpya.

Mama Korola
Basi mhimili umelika. Nenda Gerezani.

Fundi Mstaafu
Dada, sikubaliani nawe. Huenda kipepeo hakikukaa katikati waliporudisha skrubu zake, na hilo halihitaji kabureta nyingine. Mwanajamvi, ifungue, uielekeze kwenye mwanga na utuambie kama mwanga unapenya sawasawa kuzunguka kipepeo, au unaonekana upande mmoja tu.

Mkazi wa Kihonda
Nimeifungua, iko mezani, ila umeme umekatika. Nitaitazama asubuhi. Tiketi za basi la Iringa nimekwishakata.