Tangi la lita 680 Malindi: kanista, sampu au sponji?

SamakiWaShela
Hamjambo wanajamvi. Fundi wa vioo amenimalizia tangi langu juzi, futi 6 kwa 2 kwa 2. Likijaa ni lita 680 hivi. Litakaa sebuleni hapa Malindi, juu ya stendi yenye kabati. Nataka mbuna wa Ziwa Malawi, wale wa manjano na wa samawati, wasiopungua 30. Maji yangu ni ya kisima, magumu hata sabuni haitoi povu. Filta ndiyo inayonikosesha usingizi. Muuzaji mmoja ameniambia nichukue kanista moja kubwa, ile filta iliyofungwa inayokaa nje ya tangi, nimalize. Binamu yangu ameshikilia sampu, yaani tangi la pili la kuchujia linalokaa chini, maji yakishuka kwa bomba na pampu ikiyarudisha juu. Stima ya kwetu nanyi mwaijua, ikiamua kwenda huenda na jioni nzima. Na mama watoto ameshasema hataki mngurumo wala maji kwenye zulia. Mwanishauri nini?

FundiPampu
Hongera kwa chaguo la samaki. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa tele, na mbuna wanapenda pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ya 7.8 hadi 8.6. Wenzetu wenye maji laini hununua chumvi za dukani kuyapata hayo. Wewe unayavuta kwa ndoo. Onja tu kama hayana munyu mwingi.

Tuje kwenye filta. Mbuna huwekwa wengi makusudi, ugomvi ugawanyike asionewe mmoja. Wakiwa wengi, kinyesi nacho ni kingi. Tangi la kawaida, maji yake yakipita kwenye filta mara 4 kwa saa yanatosha. La mbuna mimi sishuki chini ya 5. Kwako hizo ni lita 3,400 kwa saa, na usiipime kwa namba ya kwenye boksi. Chukua Fluval FX6 inayosifiwa kila mahali. Pampu yake imeandikwa lita 3,500 kwa saa, lakini kampuni yenyewe inasema maji yanayozunguka filta ikiwa imejazwa vitu vyake ni lita 2,130. Kwa tangi lako hiyo ni mara 3 tu. Filta ni nzuri sana, ila kwa mbuna 30 moja haitoshi.

BintiMaweni
Mimi kanista nitaitetea. Yangu iko kabatini, ukifunga mlango huisikii. Sampu isipofungwa na mtu anayejua hukoroma maji yakishuka bombani, na sebule inajaa unyevu. Badala ya moja kubwa nunua mbili za wastani, moja kila upande. Unaosha hii mwezi huu, ile mwezi ujao, ili bakteria wako wanaosafisha maji wasiondoke wote kwa mpigo. Na sponji za ndani yake uoshe kwa maji uliyoyatoa tangini. Ukiosha kwa maji ya mfereji, klorini inawamaliza.

SamakiWaShela
Dada, na stima ikienda?

BintiMaweni
Nazima swichi ukutani. Ikirudi nafungua kanista, namwaga maji yaliyomo, ndipo nawasha. Nikiwa safarini sina raha, hilo sikufichi.

FundiPampu
Hapo ndipo ninapoachana na kanista kwa mtu wa Malindi, ingawa Binti amesema kweli kuhusu kelele.

Samaki hutoa amonia. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati unaipunguza kwa kubadilisha maji. Amonia inaua, na kwenye pH ya juu kama yako ukali wake unazidi. Sasa bakteria hao wote wanahitaji oksijeni. Kanista imefungwa, pampu ikisimama, oksijeni iliyomo ndani wanaimaliza kwa saa chache, wanaanza kufa, na uchafu ulionaswa kwenye sponji unaoza. Stima inarudi saa nane usiku nyote mmelala, pampu inaamka yenyewe na kuyasukuma tangini maji yanayonuka kama mayai viza. Jirani yangu aliamka akakuta samaki wako juu wanatweta, wengine wamelala ubavu. Joto letu nalo linachangia: maji ya nyuzi 28 yakishiba hubeba oksijeni miligramu 7.8 hivi kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba 9. Hao wa video za Ulaya hawana haraka kama sisi.

Sampu iko wazi. Pampu ikisimama, hewa bado inaugusa uso wa maji, na ukiweka trei za kudondoshea maji, bakteria wa kwenye trei wanabaki kwenye unyevu na hewa. Hawatadumu milele, lakini jioni moja wanaivuka.

BintiMaweni
Na maji yanayorudi chini pampu ikisimama? Ndiyo hayo ya kwenye zulia.

FundiPampu
Swali zuri, na linapigiwa hesabu kabla ya kununua chochote. Pampu ikisimama, tangi la juu linashuka mpaka kwenye mdomo wa bomba la kutolea. Kwa kioo cha sentimita 183 kwa 61, kila sentimita 3 zinazoshuka ni lita 33 na nusu. Sampu ya futi 4 kwa 1.5 kwa 1.5 inabeba lita 250 na ushei. Iache ijae theluthi mbili, utabaki na nafasi ya lita 80 na zaidi. Wala usiitegemee valvu ya kuzuia maji yasirudi, konokono mmoja akikwama hapo haifungi. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo hewa inaingia, mvuto unakatika.

Kelele hutoka kwenye bomba la kushukia likivuta hewa na maji pamoja. Weka mabomba mawili: moja lenye koki, ulikaze mpaka lijae maji matupu, la pili liwe la akiba likipitisha maji kidogo tu. Ukishalirekebisha utasikia feni ya dari kabla ya tangi.

AmiWaBarani
Vijana, sponji mmeisahau. Sponji mbili kubwa ndani ya tangi na pampu ya hewa, mapovu yakipanda yanavuta maji yapite kwenye sponji, basi. Hakuna cha kuvuja, ukiosha ni kukamua ndoo moja.

FundiPampu
Ami, shikamoo. Kwa tangi la kuzalishia ni kweli, hata mimi ndizo ninazotumia, maana hazinyonyi vifaranga. Kwa mbuna 30 wakubwa wanaofukua mchanga kutwa, sponji peke yake haitaondoa uchafu.

AmiWaBarani
Marahaba. Sikusema peke yake. Sampu yenu mwekeni, na sponji mbili mziweke pembeni tangu siku ya kwanza zipate bakteria wake. Pampu ya hewa inakula wati chache, ile ya betri ya volti 12 inakwenda usiku kucha. Stima ikienda, samaki wana hewa na filta mnayo.

KaskaziAmu
Huku Amu nyumba za kale zina birika la maji chooni, na ndani yake visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna filta. Maji yanachotwa kutwa na kuongezwa mapya, na samaki wenyewe ni wachache. Kwa hiyo ndugu wa Shela, kabla ya pampu ya pili, fikiria samaki 20 badala ya 30.

BintiMaweni
Mbuna 20 kwenye futi 6 watatoana macho, yakhe.

MpendaKasa
Mnakaa ufukweni mnafuga samaki wa ziwani! Si mchote maji ya bahari?

FundiPampu
Mto Sabaki ukijaa, bahari ya hapa mjini inageuka rangi ya udongo, hayo utayachuja na nini? Na samaki wa hifadhi ya bahari hawaguswi, imelindwa tangu 1968. Uzi wa maji ya chumvi ufungue peke yake.

SamakiWaShela
Nimewaelewa. Naenda na sampu ya futi 4, pamoja na sponji mbili za Ami na pampu ya betri. Swali la mwisho: ndani ya sampu niweke nini? Hizo seramiki za dukani za kukalia bakteria ni ghali, na hapa nina godoro kuukuu.

FundiPampu
Godoro liache. Vitundu vyake ni vidogo, linaziba upesi, na mengine yana dawa ya kuzuia moto. Chemba ya kwanza weka sponji nzito ya filta inase uchafu. Ya pili jaza kokoto za matumbawe za wajenzi, zioshwe mpaka maji yatoke safi. Zina matundu ya bakteria na zinaishikilia pH yako. Kwenye trei, zile brashi za plastiki za kusugulia sufuria, zisizo na sabuni. Chemba ya mwisho pampu. Kisha endesha wiki 4 hadi 6 kabla ya kuleta kundi zima, ukipima amonia na nitriti mpaka zote zisome sufuri.

BintiMaweni
Kama unataka kufupisha hizo wiki, nitakukamulia maji ya sponji zangu yenye bakteria. Njoo na ndoo yenye kifuniko, uyatie kwenye sampu siku hiyohiyo.