Kinamasi cha Yala: Je, mafunjo yaliyobaki yakaushwe yawe mashamba?

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili iwapo sehemu iliyobaki ya kinamasi cha Yala, kando ya Ziwa Victoria katika kaunti za Siaya na Busia nchini Kenya, ikaushwe na kukabidhiwa wakulima wakubwa wa mpunga na miwa, au iachwe ilivyo.

Wanaotaka ikaushwe wana sababu nzito. Kenya huagiza mchele mwingi kutoka nje, vijana wengi wa huko hawana kazi, na wapo wenyeji wanaotamani kupata hata kishamba kidogo katika udongo ule wenye rutuba. Huongeza kwamba viumbe hawatadhurika, kwa kuwa Ziwa Kanyaboli, lililomo humo, litatengwa na kulindwa. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zote.

Yala si dimbwi moja. Mna mto unaotawanyika, mna maziwa madogo ya Kanyaboli, Sare na Namboyo, mna nyanda zinazofurika masika na kukauka kiangazi, na kati ya hayo yote mna msitu wa mafunjo yanayofikia mita 4 kwenda juu. Nzohe, swala wa majini ambaye kwato zake ndefu hutanuka asizame topeni, hujificha humo mchana. Yupo pia ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye haishi popote pasipo na mafunjo. Kamongo na kambare, kwa kuwa huweza kupumua hewa ya juu, huyamudu maji ya humo ambayo yana oksijeni haba kutokana na majani yanayooza chini.

Uhaba huo wa oksijeni ndio uliomwokoa ngege wa asili. Katika Ziwa Victoria lenyewe samaki huyu alikaribia kutoweka, kwanza kwa kuvuliwa kupita kiasi, kisha kwa kuletewa mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula wenzake, na tilapia wa kigeni katika miaka ya 1950 na 1960. Katika Ziwa Kanyaboli ngege alisalia, kwa sababu mbuta huhitaji maji yenye oksijeni nyingi na hakuweza kuuvuka ukanda wa mafunjo unaolitenga ziwa hilo. Kwa hiyo anayependekeza tulilinde ziwa huku tukiyafyeka mafunjo anapendekeza tuubomoe ukuta na kulinda chumba. Tusisahau pia kwamba mafunjo hayo huzuia matope na mbolea zinazoletwa na mto kabla hazijafika Ziwa Victoria.

Maoni yangu ni kwamba zile zaidi ya hekta 2,000 zilizokwisha kukaushwa tangu miaka ya 1960 zilimwe kwanza ipasavyo, na wenyeji wapewe sehemu yao kwa maandishi, kabla mtu yeyote hajachimba mfereji mwingine. Kampuni ya Kimarekani ililima mpunga hapo kuanzia miaka ya 2000, kisha ikaondoka. Kilichopungua hapo hakikuwa ardhi.

Anayeunga mkono ukaushaji na atujibu: mafunjo yakiondoka, ni kitu gani kitakachomzuia mbuta asiingie Kanyaboli mto utakapofurika, na akina mama wanaosuka mikeka na vikapu watayapata wapi mafunjo mengine?