Naomba ushauri: kama waumini wote ni makuhani, lazima mgonjwa aitiwe padre?

Asiyelala (mleta mada)
Wakuu, amani iwe kwenu. Naombeni ushauri, na mwenye andiko aweke andiko.

Neno linalonisumbua ni "kuhani". Petro anawaandikia waumini wote: "Bali ninyi ni mzao mteule, ukuhani wa kifalme, taifa takatifu" (1 Petro 2:9). Ufunuo 1:6 inasema Kristo ametufanya ufalme na makuhani. Waraka kwa Waebrania unashikilia kuwa kuhani mkuu ni mmoja na dhabihu yake ilitolewa mara moja tu. Pazia la hekalu nalo lilipasuka.

Sasa padre ana uwezo gani mbele za Mungu ambao muumini mwingine hana? Nauliza hasa kuhusu kumpaka mgonjwa mafuta, kumtamkia ondoleo la dhambi na kumpa mkate na divai. Nahitaji majibu kabla ya Jumamosi. Nawasilisha.

Kinanda
Mkuu, tuanze na maneno, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno mawili. Hiereus ni kuhani, mtu wa madhabahu na dhabihu. Presbyteros ni mzee. Viongozi wa makanisa ya mwanzo wanaitwa wazee na waangalizi, na hakuna hata mmoja wao anayeitwa hiereus. Lugha kadhaa za Ulaya zilichukua presbyteros, zikaifinyanga hadi ikawa jina la padre, kisha zikatumia jina hilohilo kumwitia Haruni. Biblia yetu imetuachia kuhani na mzee kila mmoja mahali pake.

Ila usikimbilie kushangilia. Paulo katika Warumi 15:16 anaieleza kazi yake ya Injili kwa lugha ya kikuhani kabisa, na kufikia karne ya 3 Cyprian, askofu wa Karthago, anamwita askofu kuhani waziwazi. Wakatoliki na Waorthodoksi wanasema huko ni kukua kwa mbegu ileile. Waprotestanti wanasema mti mwingine umepandikizwa juu yake. Mjadala mzima uko hapo.

Jongoo la Mtoni
Hoja ya mleta mada ni ya Kora mtupu, Hesabu 16. Naye alisema mkutano wote ni mtakatifu, Musa na Haruni wanajikweza kwa lipi? Ardhi ikafunua kinywa. Mkuu, kabla ya Jumamosi kagua sakafu ya nyumba yako.

Mkaa Mimbarini
Jongoo, acha kumtisha mtu. Kora alitaka cheo, huyu anauliza andiko. Mimi ni mchungaji, na fundisho la ukuhani wa waumini wote nimelihubiri mara nyingi. Martin Luther aliliandika waziwazi mwaka 1520: ubatizo unatuweka wote katika hali moja ya kiroho. Lakini palepale akaongeza kwamba mtu asijisogeze mbele mwenyewe kufanya lililo la wote bila kuitwa na wenzake. Hiyo sehemu ya pili haipendwi, ndiyo maana kila mwenye kinywa anafungua kanisa. Ningeweza kuwasimulia juu ya kijana mmoja niliyemlea mwenyewe, lakini tuyaache, yataniharibia siku.

Ushungi
Nyote mnajibu mtihani wa theolojia. Kaka Asiyelala, kwa nini Jumamosi? Mgonjwa ni nani?

Asiyelala
Dada Ushungi, mgonjwa ni mama yangu mzazi. Ni Mkatoliki tangu utoto. Mimi nilihama zamani na sasa ni mzee wa kanisa kwetu. Kila siku anaomba padre. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Mimi si mzee? Andiko linanitosha. Nilitaka tu kuwa na hakika.

Ushungi
Parokia iko mbali?

Asiyelala
Si mbali. Kengele ya Misa anaisikia akiwa kitandani. Lakini mnielewe. Nimefundisha miaka mingi kwamba mpatanishi ni mmoja. Niliwahi kusema mbele ya ndugu wote kwamba padre hatavuka kizingiti changu. Watu wa kanisani kwangu wanakuja kumwona mama kila jioni. Wakimkuta padre na stola, ule utepe wa kipadre, shingoni, nitawaambia nini?

Jongoo la Mtoni
Kumbe swali halikuwa kuhani ni nani. Swali ni nani atakuona.

Mkoba wa Babu
Ndugu, ngoja nikusimulie jambo ambalo huwa silisemi.

Mimi nilikuwa padre. Siku ya Daraja, yaani ya kuwekwa wakfu kuwa padre, nililala kifudifudi sakafuni, litania ya watakatifu ikaimbwa juu yangu. Askofu akaniwekea mikono kichwani bila kusema neno, kisha mapadre wote mmoja baada ya mwingine. Mikono mingine ilikuwa mizito, mingine ilitetemeka. Baadaye viganja vyangu vikapakwa krisma, mafuta matakatifu. Baada ya miaka 11 nilishindwa, nikaomba kuondolewa katika huduma, nikaruhusiwa, nikaoa. Misa siadhimishi. Lakini Kanisa linafundisha kwamba Daraja likishatolewa halifutiki, na sheria yake, kanuni ya 976, inasema mtu akiwa katika hatari ya kufa, padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi, hata aliyenyimwa ruhusa ya kuungamisha.

Usiku mmoja jirani yetu alikuwa anakata roho, padre hakupatikana. Mtoto wake alikuja kunigongea. Nilikaa kitandani dakika nzima nikiona aibu kuliko siku niliyoondoka. Nikaenda. Mke wangu alisimama nje ya mlango, akaufunga. Yule mzee aliungama, nikatamka maneno ambayo sikuwa nimeyatamka kwa miaka, akalala. Sikuwa mtakatifu usiku ule. Nilichokuwa nacho sikujipa, na sikukitumia kwa ajili yangu.

Waebrania 5 ndivyo inavyomweleza kuhani: ametwaliwa katika watu, akawekwa kwa ajili ya watu. Haruni alibeba majina ya makabila 12 kifuani na mabegani alipoingia mbele za Bwana. Mzigo wake ulikuwa majina ya wengine. Kwa hiyo nakuuliza: mama yako amekubali umpake wewe?

Asiyelala
Nilijua mtafika hapo.

Macho ya mama yameshapotea. Nimemwambia padre atakuja Jumamosi. Atakayeingia ni mimi. Mafuta ninayo, sala nimezinakili kutoka kwenye kitabu chake mwenyewe, nitaongea kwa sauti ya chini. Kabla hamjanirukia, fikirini. Atapata amani anayoitaka. Mungu anasikia sala yangu sawasawa na ya padre. Nani ataumia? Mimi naona ni upendo.

Kinanda
Samahani, nimesoma mara mbili.

Kwa upande wa mama yako, unachopanga si Mpako wa Wagonjwa. Kwa Wakatoliki, sakramenti hiyo hutolewa na padre au askofu tu. Mlei, yaani muumini asiye na Daraja, anaweza kubatiza mtu akiwa katika hatari ya kufa, na mhudumu mlei anaweza kumpelekea mgonjwa Komunyo iliyogeuzwa kwenye Misa. Lakini kuungamisha, hapana. Hati ya Lumen Gentium ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1964, inaukubali ukuhani wa wabatizwa wote kwa furaha, kisha inasema unatofautiana na ule wa Daraja kwa asili yake, si kwa kiwango tu. Huamini hivyo, sawa. Yeye anaamini, na kinachoombwa ni chake.

Soma pia Waamuzi 17. Mika anamweka mwanawe kuwa kuhani wa nyumbani, baadaye anamwajiri Mlawi kwa vipande 10 vya fedha kwa mwaka. Anajiona amebarikiwa. Na kisa hicho kinaanza na fedha alizomwibia mama yake.

Mkaa Mimbarini
Nami naongea kama mwenzako wa upande huu. Kama kweli unaamini wewe ni kuhani, kwa nini unahitaji kujifanya padre? Ingia kwa jina lako. Sema: mama, ni mimi, naomba nikuombee. Ukuhani wa waumini wote una nafasi kwa sala hiyo, tena kubwa. Hauna nafasi kwa mtu anayebana sauti.

Jongoo la Mtoni
Wakuu, tusimame kidogo. Tumekunywa chai nzito.

Mzazi mzee, macho yamepofuka, anasubiri jambo takatifu kabla ya kufa. Mtoto anaingia akijifanya mtu mwingine, na kinachomtia hofu ni sauti. Hiyo si Mwanzo 27? Yakobo alijifunika ngozi za mbuzi, akajifanya Esau mbele ya baba yao Isaka. Baba amekuwa mama, mawindo yamekuwa mafuta. "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Mleta mada ni mtunzi, na ninyi mmeshampa kanuni za sheria na machozi. Akaunti yenyewe imefunguliwa wiki hii.

Kinanda
Duh. Sikuiona hiyo. Inafanana mno.

Mkaa Mimbarini
Kufanana na Maandiko si ushahidi wa uongo. Nimezika watu wengi, na familia ngapi zimegombania baraka pembeni ya kitanda!

Jongoo la Mtoni
Basi aeleze mama anaumwa nini, tangu lini. Atoe hata chembe moja ambayo haimo katika Mwanzo.

Ushungi
Jongoo, hata kama ni hadithi, kuna mtu mwingine anayeusoma uzi huu na mama yake yuko kitandani. Mkoba wa Babu hakupoteza maneno. Kaka Asiyelala, upo?

Asiyelala
Nipo. Ugonjwa wa mama sitauweka hapa. Akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani ina jina langu.

Jongoo, naijua Mwanzo 27, nimeihubiri. Sikuwahi kujiona ndani yake, na tangu uandike nimekaa tu. Unataka chembe? Kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, hakina ncha. Nilijikata nikiwa mtoto, mama ndiye aliyenifunga kitambaa na kunibeba. Huo ndio mkono ambao ningempaka nao mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Nimepanga sauti, nimepanga maneno, mkono nikausahau. Yakobo alikuwa na ngozi za mbuzi. Mimi sina cha kuufunika.

Leo jioni ameushika nilipompa maji. Amekipapasa kidole hicho kama anavyofanya siku zote, akauliza, "Padre ni Jumamosi kweli?" Nikasema ndiyo.

Jongoo la Mtoni
Naondoa neno langu. Samahani sana, mkuu.

Asiyelala
Sijaamua, tusidanganyane. Bado naamini nilichofundisha. Ila Mkoba wa Babu, nikuulize. Padre akiitwa nyumbani kwa mgonjwa, huwa anahitaji akute nini?

Mkoba wa Babu
Meza ndogo karibu na kitanda, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa mmoja, glasi ya maji. Mafuta usihangaike, atakuja nayo. Mwambie mapema kama mama anapata shida kumeza, atampa kipande kidogo cha hostia, mkate wa Komunyo. Na usingoje Jumamosi, wagonjwa hawafuati kalenda.

Wakati wa maungamo utatoka nje. Funga mlango, ukae karibu. Akimaliza atakuita.