Mrejesho: hali ya kaka yangu baada ya kuondolewa kibofu

Ndugu zangu, niliuliza kutoka hapa Bukavu iwapo kaka yangu mkubwa, mwenye saratani ya kibofu iliyokuwa imeingia kwenye msuli, angeweza kufanyiwa upasuaji unaohifadhi neva za nguvu za kiume bila kuhatarisha maisha yake. Alifanyiwa, miaka imepita, na saratani haijarudi.

Daktari alikubali kwa sababu uvimbe ulikuwa mbali na neva hizo, ambazo hupita kandokando ya tezi dume. Njia hiyo, ambayo Patrick Walsh wa Marekani aliianza mwaka 1982 kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, haifai pale uvimbe unapozikaribia. Nguvu za kiume zilirudi polepole mno, tena kwa msaada wa dawa, na mwaka wa kwanza ulimkatisha tamaa. Shahawa hazitoki tena, kwani tezi dume na vifuko vya shahawa viliondolewa pamoja na kibofu. Kwa maoni yangu, jambo hilo lilistahili kuelezwa kwa shemeji pia kabla ya upasuaji.

Kibofu kipya, kilichotengenezwa kwa kipande cha utumbo mwembamba, hakimpi ile hali ya kawaida ya kubanwa na mkojo, hivyo huenda msalani kwa kufuata saa. Mchana hana shida. Usiku huamshwa na kengele ya simu, na akipitiwa na usingizi shuka hulowa. Damu yake bado hupimwa kuangalia asidi, figo na vitamini B12, na vipimo hivyo ni vya maisha yote.