Ati "nenda usome Hansard"? Nimesoma. Sasa tuongee

Wanabaraza, mnisamehe lugha, damu bado inachemka.

Mnamjua. Simtaji, kwa sababu wakili ni pesa na mimi pesa sina. Halafu hakuna haja: ukisema "yule seneta wetu" kaunti hii nzima, hadi ng'ombe wanageuka. Yule wa chopa. Yule akifika mazishini marehemu anasahaulika.

Sasa Jumamosi tuko mazishini. Mheshimiwa amehutubu mpaka mchungaji amekaa chini, wachimba kaburi wamevaa mashati yao tena. Nikainua mkono. Swali la adabu kabisa: "Mheshimiwa, ule mswada uliotuahidi wa wahudumu wa afya wa vijijini umefika wapi?"

Akanipima kutoka juu hadi kwa viatu. Akacheka. Akashika maiki vizuri, akasema: "Kijana, nenda usome Hansard."

Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Jeneza liko pale!

Na wakwe zangu wamekaa mstari wa pili. MSTARI WA PILI.

Haya, nimesoma. Kwa wasiojua, Hansard ni kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, iko kwenye tovuti ya Bunge la Kenya na hulipii. Nimeshusha faili moja baada ya nyingine, nikitafuta jina lake kama mtu aliyeangusha sarafu kwenye mchanga. Bando likaisha, nikakopa lingine. Mke akalala, akaamka, akaniambia nikamwoe huyo Hansard.

Na nikampata! Msiseme namsingizia, mtu wetu alisimama akaongea. Hotuba yenyewe hii hapa, nzima:

"Bw. Spika, asante kwa kunipa fursa hii. Ninaungana na wenzangu kuwakaribisha wanafunzi walioketi katika roshani ya wageni. Wasome kwa bidii ili siku moja waketi hapa kama sisi."

Spika akamjibu: "Seneta, wanafunzi hao waliondoka kitambo."

Halafu kwenye mabano: (Kicheko).

Wanafunzi wenyewe si wa kaunti yetu. Na hicho kicheko kimepigwa chapa kwenye kumbukumbu za Jamhuri, kitakuwepo tukishakufa sote.

Nikasema labda ni mtu wa vitendo, si wa maneno. Nikaenda kwenye kura. Miswada inayohusu kaunti hupigiwa kura 47, moja kwa kila ujumbe wa kaunti, yaani maseneta wake kwa pamoja, na mkuu wa ujumbe ni yule tuliyemchagua. Haupiti bila 24. Kwa hivyo usidanganywe kwamba asiyekuja hana upande. Kiti kitupu ni "La" iliyokaa kimya. Wakaita kaunti moja moja. Wale jirani zetu tunaowacheka kwamba hawana lami, seneta wao: "Ndiyo!" Kwetu: hakuna mtu.

Labda ni mtu wa kamati basi. Kumbukumbu za kamati zina orodha mbili, waliohudhuria na waliotoa udhuru. Kwenye udhuru hakosi. Nadhani ndiye mwenyekiti wa udhuru.

Na Katiba Kifungu cha 103 inasema ukikosa vikao vinane kwenye kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na huna sababu ya maana, kiti kinakuwa wazi. Huyu wetu lazima ana kabati nzima ya barua za ruhusa.

Ndiyo nauliza, mtu mwenye hiyo rekodi anapata wapi kifua cha kuniambia MIMI nikasome Hansard? Yeye ameisoma? Mstari wa pili, jamani. Baba mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia.

Anayetaka kumtetea apitie uzi mwingine.

Kifungua_Mimba
Pole ndugu. Lakini nani huuliza mswada mazishini? Ungengoja hata wafukie.

Mama Wawili
Hayo ya kura tumesikia. Wakwe walisema nini?

Mwenye uzi
Baba mkwe aliuliza tu, "Kwani hujui kusoma?" Shemeji mdogo sasa ananiita Hansard. Jana amenitumia ujumbe: "Hansard, mama anauliza kama mtakuja Jumapili."

Mama Wawili
Nimecheka mpaka ugali umeungua. Mko na deni langu la unga.

Karani Mstaafu
Tusiwe na haraka. Kazi ya seneta haipimwi kwa kuongea ukumbini peke yake. Hata Mzalendo, wale wanaofuatilia kazi ya wabunge, wakitoa ripoti yao ya kila mwaka, kinachohesabiwa zaidi ni aliyesimama akasema. Mtu anaweza kusimama kila siku kuunga mkono na asiwe amefanya lolote. Kazi ngumu iko kwenye kamati, kule kwa Hesabu za Umma za Kaunti magavana hutolewa jasho na hakuna anayepiga makofi.

Mwenye uzi
Mzee wangu, shikamoo. Rudi juu usome pale pa UDHURU.

Karani Mstaafu
Nimeona. Naondoa hoja.

Soko_Mjinga
Mwenye uzi, si wewe ulivaa fulana yake 2022 ukicheza mbele ya gari? Picha ninayo.

Mwenye uzi
Fulana ilikuwa ya bure. Tuendelee.

Bin Juma
Kuna wakati Seneti ilikuwa Seneti. Mnakumbuka 2020, ule mgao wa pesa za kaunti? Vikao juu ya vikao, mwafaka hakuna, wengine wanataka idadi ya watu iwe na uzito, wengine wanasema na ardhi ihesabiwe. Agosti polisi wakawakamata maseneta watatu siku ya kura. Ikafika Septemba, mpaka ikatolewa ahadi ya bilioni 50 zaidi ndipo wakapitisha. Hao walikamatwa wakitetea kaunti zao. Huyu wa kwetu polisi wamkamate akifanya nini? Akikaribisha wanafunzi?

Soko_Mjinga
Walioondoka.

Mama Wawili
KITAMBO.

Mpinga Yote
Mimi nilisema tangu mwanzo, hiyo nyumba haina kazi. Ilivunjwa 1966, tukakaa bila hiyo mpaka 2013. Nani alikufa?

Bin Juma
Na gavana akiiba umpeleke kwa nani, kwa chifu? Magavana Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi waliondolewa na nani hiyo 2020?

Mpinga Yote
Gavana wa Meru je? Alipona 2022, akapona 2023, ndipo wakamtoa 2024. Hiyo ni kazi ama ni tamthilia ya jioni?

Bin Juma
Kupona nako ni uamuzi. Ushahidi ukiwa mwepesi unataka wafanye nini?

Mpinga Yote
Wakae nyumbani.

Binti wa Tanga
Nyie wenzetu mna bahati mna wa kumlalamikia wa pili. Sisi huku Bunge ni moja, Dodoma, mbunge akikuangusha ndo basi tena.

Mwenye uzi
Dada, mchukueni huyu wetu. Nauli nalipa mimi, mizigo yake pia.

Binti wa Tanga
Asante kaka, tumeshiba.

Kifungua_Mimba
Na wale wa kuteuliwa 20 mbona hamuwataji? Wetu wa kuteuliwa ukimuuliza anasema "mimi nawakilisha vijana." Ana wajukuu.

Mama Wawili
Si ni wajukuu vijana? Anawawakilisha vizuri.

Soko_Mjinga
Lakini pia tuseme ukweli, ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi tu. Siku TATU. Na ukumbini maseneta 15 wakitosha, kikao kinaendelea. Wasipotimia kengele inapigwa, wanatafutwa kwa mkahawa. Mimi nikikosa kazini siku moja simu inapigwa hadi kwa mama yangu.

Mzee wa Kona
Mnalilia seneta na hamjaona MCA wetu, yule mwakilishi wa wodi. Alituita wodi nzima kufungua kalvati. Kalvati moja. Akakata utepe, akakata na keki.

Kifungua_Mimba
Keki ya nani?

Mzee wa Kona
Ya kaunti. Ilikuwa kubwa kuliko kalvati.

Tausi
Afadhali kalvati maji yanapita. Wetu alifungua choo cha soko mwezi wa tatu, na picha akapiga akiwa ameshika mlango. Tangu siku hiyo kufuli. Wauza nyanya wanaenda nyuma ya posho mill.

Soko_Mjinga
Hicho choo kinafunguliwa. Ufunguo uko kwa mama wa mitumba, karibu na yule fundi wa simu. Unatoa kumi.

Tausi
Kumi ya lini? Nimetoka huko saa hii, ni ishirini.

Mzee wa Kona
ISHIRINI?

Mwenye uzi
Jamani, tulikuwa tunaongea juu ya Hansard.

Mama Wawili
Hansard ngoja kidogo. Tausi, ishirini ni pamoja na karatasi?

Tausi
Karatasi unakuja nayo.

Mzee wa Kona
Aliyepandisha bei tunamjua, ni yule dada yake MCA. Kesho saa nne nakwenda kwa ofisi ya wodi, anayekuja aje.